Nilimtaja Wanja

Asifiwe Bwana aliyenitoa shimoni, tena kwa mkono wa mtu niliyemsukuma mimi! Ndugu zangu, itikieni amina. Itikieni tena, maana hiyo ya kwanza imetoka kwa wazee peke yao.

Mnanijua. Mimi ni Rahabu Igoki, mwalimu mstaafu, binti wa hapa hapa chini ya mlima Kiambere. Wengine wenu niliwafundisha kushika kalamu. Mmenisikia nikishuhudia jinsi Mungu alivyoniponya homa, na jinsi alivyonipa watoto nilipokuwa nimekata tamaa. Lakini habari ya leo sijawahi kuitoa mbele ya kanisa hili. Niliona haya. Juma lililopita nilimwendea mwenye habari mwenyewe nikamwomba ruhusa, naye akaniambia, "Wape yote, usiwapunguzie." Basi sitawapunguzia.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, wakati wa mkoloni. Vijana, nyinyi mmeisoma vitabuni. Sisi tuliishi ndani yake. Hukuweza kutoka lokesheni moja kwenda nyingine bila pasi ya serikali. Jua likianza kushuka ni kafyu, kila mtu ndani na taa zimezimwa. Watu wa msituni walikuwa na kiapo chao, serikali ilikuwa na homgadi wake, wenyeji wenzetu waliopewa bunduki, na sisi wengine tulikuwa katikati tukiogopa huku na huku. Hapa kwetu mtu mmoja alichukuliwa na askari kwa sababu tu jirani yake alikuwa na kinyongo naye juu ya mbuzi walioingia shamba la mtama. Jirani alinong'ona neno moja, basi. Yule mtu aliporudi, watoto wake hawakumjua.

Kwa hiyo nilipopata nafasi katika chuo cha ualimu huko Meru, baba yangu hakuniambia nisome kwa bidii. Alikuwa mfugaji, mtu wa maneno machache. Aliniambia, "Huko juu usimwambie mtu habari za nyumbani. Anayekuuliza sana, muogope. Asiyekuuliza kitu, huyo muogope zaidi." Hayo ndiyo niliyoyabeba, ndugu zangu, pamoja na sanduku langu la bati na kifuko cha mtama alionifungia mama.

Chuo kilikuwa kidogo, cha misheni, kwenye mteremko wa kahawa juu ya mji. Kilitoa walimu wa madarasa ya chini. Unasoma miaka miwili, unapewa cheti, unarudi kuwafundisha watoto irabu. Si kazi mbaya, lakini mimi nilitaka kwenda mbele. Kulikuwa na chuo kikubwa, mbali na kwetu, kilichofundisha walimu wa madarasa ya juu. Kuhamia huko kulikuwa na mlango mmoja tu: lazima uwe umefaulu mtihani wa serikali katika masomo matano ambayo chuo chetu hakikuyafikisha kiwango hicho. Kiingereza, Hesabu, Historia, Jiografia na Elimu ya Viumbe. Masomo hayo mtu aliyasoma kwa posta. Wanakutumia karatasi za maswali, unajibu, unarudisha, wanasahihisha.

Mkuu wetu alikuwa mama wa Kizungu tuliyemwita Miss. Aliniita ofisini akaweka vidole vyake mezani kimoja kimoja.

"Igoki, hapa chuoni una masomo sita. Ukiongeza matano yanakuwa kumi na moja. Sijaona msichana aliyeyaweza."

"Nitajaribu, Miss."

"Ukianguka somo moja tu la chuo, ya posta nayafunga siku hiyo hiyo. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Miss."

Kumi na moja! Ualimu, Maandiko, afya, kushona, kilimo na kuimba, kisha juu yake hayo matano. Na kafyu ilikuwa imetunyang'anya jioni yote. Wanafunzi wa siku hizi mnalalamika umeme ukipotea saa moja! Mimi niliamka kabla ya kengele ya kwanza, nikakaa kwenye ngazi ya bweni nikingoja kupambazuke kiasi cha kuona herufi. Historia nilikariri nikikoroga uji. Maneno ya Kiingereza niliyaandika kwenye kipande cha kitambaa cha kushonea, mwalimu wa kushona akidhani ni mapambo. Tulipokwenda Githongo kwa mazoezi ya kufundisha, watoto wakienda kula mimi niliingia kati ya mibuni na kitabu cha viumbe, nikasoma habari za moyo wa chura huku tumbo langu linalia. Siku moja nililala nimesimama katika kwaya. Wenzangu wanasema niliendelea kuimba.

Aliyenishika mkono katika hayo yote alikuwa Wanja.

Wanja alikuwa msichana wa Embu, mfupi, mwenye kucheka huku amefunika mdomo kwa kiganja. Kitanda chake kilikuwa kando ya changu. Yeye naye aliomba ruhusa ya masomo ya posta, sisi wawili tu chuo kizima. Mimi nilikuwa mzuri wa Kiingereza, yeye alikuwa na kichwa cha Hesabu ambacho sijaona kingine mfano wake. Nilipokwama alichukua kijiti akachora chini, akaniambia, "Igoki, usiihurumie hiyo herufi. Ihamishe ng'ambo, ibadilishe alama, iache huko." Na kweli ikatoka! Muhula wa kwanza sisi wawili tulikuwa kama ng'ombe wa nira moja.

Muhula wa pili mambo yakageuka. Siku moja Wanja akasema, "Ya posta nimeacha. Yamenishinda." Mimi nikashangaa. Yeye ndiye aliyekuwa akinifundisha, yamshinde vipi? Nikamwuliza mara mbili, akajifanya anatafuta sindano. Kisha nikamwona akiingiza barua ndani ya godoro lake, akashona mshono haraka haraka.

Ndugu zangu, hapo ndipo maneno ya baba yalipoanza kuzungumza kichwani mwangu.

Kila Alhamisi ilikuwa zamu yangu jikoni. Nikigeuka dirishani niliona wenzangu wanacheza uwanjani, lakini Wanja haonekani. Nikarudi bwenini nikakuta karatasi zangu za masomo zimo sandukuni, zote zipo, ila mpangilio si wangu. Alhamisi iliyofuata niliweka punje tatu za mtama juu ya kifuniko cha sanduku. Nilipotoka jikoni zilikuwa sakafuni. Nikaziokota, nikaziweka tena Alhamisi nyingine, zikaanguka tena. Nikajiambia, ananipekua. Na mtu hapekui bure. Kuna anayempelekea habari.

Kisha ikaja siku ya gunia.

Asubuhi lori la askari liliingia chuoni, tukapangwa uwanjani, wasichana, wapishi, hata wakata nyasi. Wakamshusha mtu aliyevishwa gunia kutoka kichwani hadi magotini, na matundu mawili ya macho. Ndivyo walivyowachuja watu siku hizo. Mtu wa gunia anapita mbele yako, anakutazama. Akitikisa kichwa umepona, akiinamisha kichwa unapanda lori. Hujui ni nani. Huenda ni mtu mliyekula naye jana. Siku hiyo waliondoka na mpishi mmoja na msichana wa mwaka wa pili. Alipofika kwangu alisimama. Nilisikia pumzi zake ndani ya lile gunia. Nikahisi mkojo unataka kunitoka, nisameheni kusema hivyo kanisani. Akatikisa kichwa, akapita.

Lori lilipoondoka nikahesabu mstari wetu kwa macho. Wanja hayumo!

Alirudi adhuhuri, amejifunga shuka, akasema alikuwa zahanati na homa. Nami nikatazama urefu wake. Mtu wa gunia alikuwa mfupi. Nikatazama miguu yake. Sikukumbuka miguu ya yule mtu, lakini moyo wangu ulikwisha kata shauri. Ni yeye! Wanja ndiye aliyekuwa ndani ya gunia!

Tangu hapo sikumwambia tena la maana. Nilihamisha kitanda changu nikisema paa linavuja. Alinifuata kwenye bomba la maji akaniuliza, "Igoki, nimekukosea nini?"

Nikamjibu, "Hakuna."

"Mbona hata Hesabu huniulizi?"

"Siku hizi nazielewa."

Uongo! Hesabu zilikuwa zinanizamisha. Na jioni nilipiga magoti nikamwomba Mungu amfichue Wanja. Ndiyo, ndugu zangu, niliomba hivyo, kwa jina la Yesu, na nikasema amina.

Sasa sikilizeni jinsi mtego ulivyonasa. Somo moja la Jiografia lilitaka mwanafunzi achore ramani ya mahali anapokaa, aonyeshe barabara, mito, madaraja na majengo ya umma, kwa vipimo. Nikalifurahia, maana mtoto wa kuchunga anajua kusoma ardhi. Jumamosi mbili nilitembea kutoka chuoni hadi darajani nikihesabu hatua na kuandika. Pale darajani kulikuwa na kambi ya homgadi yenye mnara wa mbao. Nikajiuliza, je, hili si jengo la umma? Nikalichora! Mnara, lango, hatua kutoka lango hadi maji. Nikatia vivuli kwa penseli. Nikaipeleka posta kwa fahari.

Mtu mwenye akili angejua kwamba barua zinafunguliwa. Mimi nilikuwa na masomo kumi na moja. Akili ya mambo mengine ilikuwa imekwisha.

Ijumaa baada ya hapo niliitwa ofisini. Miss alikuwa ameondolewa kwenye kiti chake, amesimama kando kama mgeni. Kitini alikaa afisa kijana wa Kizungu. Karibu naye alikuwepo karani aliyevaa kofia ya kiua, Mswahili wa mtaa wa Majengo, ndiye aliyetafsiri na kuandika. Mlangoni homgadi wawili, na mmoja wao ndiye aliyekuwa akinitazama nikihesabu hatua darajani. Ramani yangu ilikuwa mezani.

Karani akasema, kwa sauti ya upole kuliko nilivyotegemea, "Bwana anauliza, ni nani aliyekutuma kuchora kambi?"

"Ni somo, mzee. Somo la Jiografia la posta."

"Bwana anasema watu wa msituni nao wana masomo. Hilo swali la hilo somo liko wapi?"

"Sandukuni kwangu."

Tukaenda bwenini, homgadi mbele na nyuma. Nikafungua sanduku, nikatoa karatasi moja baada ya nyingine. Kiingereza zipo. Viumbe zipo. Za Jiografia zipo zote, isipokuwa ile ya ramani. Nikamwaga sanduku lote sakafuni. Haipo! Homgadi mmoja akacheka kwa pua.

Tukarudi ofisini. Karani akaniambia, "Binti, sema basi. Bwana hana siku nzima. Ukikosa la kusema utapanda gari."

Ndugu zangu, nilisema. Hakuna aliyenipiga. Hakuna aliyenishika hata mkono. Nilifungua mdomo mwenyewe nikasema, "Mwulizeni Wanja, yule wa Embu. Ndiye anayepekua sanduku langu. Ana siri. Anaficha barua ndani ya godoro. Huenda yeye ndiye mtu wa msituni, si mimi."

Miss akasema, "Igoki!" Basi, hilo tu. Kalamu ya karani ikaandika, naisikia mpaka leo. Wiki chache kabla nilikuwa na hakika kwamba Wanja ni jasusi wa serikali. Dakika hiyo nikamfanya mtu wa msituni. Mnaona? Mtu akishakuwa na shaka, chochote kinamtosha.

Wakanitoa nikae kwenye benchi la nje. Nikamwona Wanja akiletwa kutoka darasa la kushona, uzi mweupe umebaki begani mwake. Alinipita bila kugeuza shingo. Mlango ukafungwa. Nikasikia sauti ya karani ikisoma kitu kwa muda. Kisha mlango ukafunguliwa, Wanja akaenda bwenini na homgadi, akarudi amekumbatia bunda la karatasi. Ndipo nikaitwa.

Mezani palikuwa na karatasi yangu, ile iliyopotea, yenye swali la ramani limepigwa chapa. Na kando yake zilikuwa karatasi za kukatia mifano ya nguo, zile za kahawia, zimejaa mwandiko mdogo kama nyayo za siafu. Masomo yangu yote ya muhula ule, yamenakiliwa neno kwa neno! Historia, Viumbe, yote. Na majibu yake chini.

Afisa akasoma swali, akatazama ramani, akasoma tena. Akasema maneno machache kwa Kiingereza nilichokielewa bila karani: msichana mpumbavu, na somo la kipumbavu. Nikajua nimepona.

Kisha akamgeukia Wanja. Karani akatafsiri, "Bwana anauliza, kwa nini unanakili karatasi za mwenzako kwa siri? Huna zako?"

Ndugu zangu, angeweza kusema zimepotea. Angeweza kusema lolote. Wanja alisimama wima, mikono nyuma, akajibu, "Zangu zilizuiwa posta. Tangu kaka yangu apelekwe kizuizini, barua zangu hazifiki. Niliogopa kusema, nisije nikafukuzwa. Sikutaka kuacha kusoma. Hii ya ramani niliichukua jana, sikuwahi kuirudisha."

Karani alimtazama kwanza, kama mzazi anavyomtazama mtoto aliyekaribia moto. Kisha akatafsiri. Barua ya godoroni ilikuwa ya mama yake, ya mwisho kumfikia, ikisema kaka amechukuliwa.

Mimi nilirudi darasani siku hiyo hiyo. Wanja, kwa sababu ya kaka yake, alirudishwa Embu kabla ya juma kwisha kwa pasi ya kwenda tu, isiyo na kurudi. Alikunja godoro lake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimejificha chooni mpaka lori likaondoka.

Sasa mtasema, hapo Rahabu akatubu. Hapana! Hapo ndipo nilipokuwa mbaya zaidi. Wasichana walisema Wanja alikuwa wa msituni, nikanyamaza. Wengine wakasema alikuwa jasusi, nikanyamaza. Nilikwenda ibada asubuhi na jioni, nikaimba sauti ya pili. Na masomo? Yalikataa kuingia. Nikifungua Hesabu naona mwandiko wa siafu. Katika jaribio la posta la katikati ya muhula nilipata Hesabu alama ambazo hata mbuzi wa baba angezipata. Miss alinirudishia karatasi. Tangu siku ile alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama kikombe chenye ufa.

Na shaka haikuondoka, ndugu zangu! Mlidhani ingeondoka baada ya kujua ukweli. Sasa niliwashuku wote. Miss atanifukuza. Homgadi ananifuata. Msichana aliyelala kitanda cha Wanja ametumwa. Usiku nilisikia pumzi za gunia, na asubuhi nilipojitazama kwenye maji ya beseni niliona haya kuyaona macho yangu.

Likizo ikafika. Pasi yangu iliniruhusu kupitia Embu kuja nyumbani. Sikupanga kushuka, nawaambia kweli. Lori lilisimama kuongeza maji, na miguu yangu ikashuka. Niliuliza, nikaelekezwa kijiji alichohamishiwa mama yake. Mnakumbuka vile vijiji, wazee. Nyumba zimebanana, handaki limezunguka, miti iliyochongwa imesimamishwa ndani yake, lango moja. Kila asubuhi wanawake walitolewa kuchimba na kupanua handaki.

Homgadi wa langoni akanirudishia pasi yangu. "Anayetaka kuongea na mtu hapa anashika jembe kwanza. Wageni nao wana mikono."

Nikashika jembe. Nikateremka handakini nikamkuta Wanja, amefunga kitambaa kichwani, udongo mwekundu hadi kwenye nyusi. Aliniona. Akasogea kidogo kunipa nafasi, akaendelea kuchimba. Tulichimba mpaka viganja vyangu vikapasuka. Nikaona nikiendelea kunyamaza nitakufa.

Nikasema, "Wanja, mimi ndiye niliyekutaja. Sikuulizwa habari zako. Nilikutaja mwenyewe."

Akasema, "Najua."

"Unajuaje?"

"Yule karani alinisomea maneno yako yote, kabla sijaulizwa kitu. Hata la mtu wa msituni."

Jembe likaniponyoka. Alijua! Aliposimama pale ofisini, kabla hajaenda bwenini kuileta ile karatasi, alikuwa ameshasomewa nilivyomuuza!

"Sasa kwa nini uliitoa?" nikamwuliza. "Ungesema hujaiona. Ningechukuliwa mimi."

Wanja akanyoosha mgongo. Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Karatasi ilikuwa yako, Igoki. Na wewe hukuwa na kosa. Nilikasirika, usidhani sikukasirika. Nilikasirika mpaka leo asubuhi. Lakini ningekaaje na karatasi yako godoroni ukiwa kizuizini?"

Nikaanguka magotini kwenye udongo ule. Ndugu zangu, nilibatizwa nikiwa mtoto, nikafundishwa Maandiko kama somo, nikapata alama nzuri. Lakini Yesu alinikuta handakini Embu! Nilililia dhambi yangu kwa sauti, mpaka homgadi akachungulia juu akauliza nani ameumia. Mama yake Wanja ndiye aliyemjibu. "Hakuna aliyeumia, baba. Huyu anapona." Haleluya!

Niliponyamaza, Wanja alifuta mikono kwenye sketi akaniuliza, "Umekuja na masomo?"

Nilikuwa nayo. Nilikaa kwao siku nne. Asubuhi tulichimba, mchana tulikaa kando ya nyumba ya mama yake tukasoma. Karatasi zilikuwa haba, basi alinifundisha Hesabu kwa kuchora kwenye ukuta wa udongo, na mama akatukaripia kwamba ameupaka juzi tu. Siku ya pili Wanja alicheka, kiganja mdomoni. Sikutegemea kukisikia tena kicheko kile. Kusamehe kwenyewe hakukuja siku moja. Kuna saa aliinuka ghafla akaondoka, nami nikamwacha.

Nilipouliza habari za siku ya gunia, alishangaa. Alikuwa zahanati, na homa ya kweli. Nani alikuwa ndani ya lile gunia? Sijui mpaka leo, wala siulizi.

Nikarudi chuoni nikamwomba Miss nafasi asubuhi ya Jumatatu mbele ya wasichana wote. Nikasema yote, kama ninavyosema hapa, kwamba Wanja hakuwa na kosa, na kwamba mwenye kosa ni mimi. Wengine walinitemea mate miguuni. Wengine hawakunisemesha hadi mwisho wa mwaka. Nililala vizuri! Miss aliandika barua kwa wakubwa kumwombea Wanja arudi. Jibu lilikuja mstari mmoja: hapana. Basi nikaanza kumnakilia kila somo lililofika. Juu ya kila bahasha niliandika kwa herufi kubwa, "Mheshimiwa unayefungua, haya ni masomo tu, tafadhali yapitishe." Na yakapita! Siyo yote, lakini mengi. Nilipokuwa namnakilia, yaliingia kichwani mwangu pia. Nililemewa na masomo kumi na moja nikiyasoma kwa ajili yangu. Nilipoyasoma kwa ajili ya wawili, Bwana alinipa kifua cha kuyabeba.

Nilifaulu yote kumi na moja, kushona kwa huruma ya Mungu. Nikahamia chuo kikubwa, nikawa mwalimu wa madarasa ya juu. Wanja hakupata ruhusa mpaka pasi zilipoondolewa. Alifanya mtihani huo miaka mingi baada yangu, tayari ana mtoto mgongoni, na Hesabu akanishinda mbali. Kaka yake alirudi. Wanja alifundisha Embu mpaka akastaafu, na mmoja wa wajukuu zake amebeba jina langu. Mimi sikuliomba jina hilo, wala sikustahili.

Namshukuru Mungu Baba. Nawashukuru mama yake Wanja, aliyekwisha lala, na yule karani wa Majengo, popote alipo. Namshukuru Wanja.

Ndugu zangu, Hali ya Hatari ilikwisha zamani, lakini nawaona mkitazamana. Kama yuko mtu uliyemdhania vibaya, ukamweka moyoni kama adui kwa sababu ya karatasi iliyohama au mlango uliofungwa, mtegemee Yesu leo, na usingoje Jumapili nyingine. Nenda kwake kabla hujala chakula cha mchana. Ukiogopa kwenda peke yako, niambie tukitoka hapa. Magoti yangu yanauma, lakini nitakusindikiza hadi mlangoni pake, na nitangoja nje mpaka utoke.